Sufuria Isiyo na Mshono

Katika ofisi ya forodha ya bandari ya Tanjung Rambai walimwita Dada Fungua, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Wan Saodah binti Wan Deraman alikuwa na miaka thelathini na sita ya kuwaambia watu neno hilo moja. Ukimletea kontena la vigae, fungua. La mipira ya watoto, fungua. Siku moja liliingia sanduku la mheshimiwa mmoja, limesindikizwa na vijana wawili wenye suti na miwani myeusi, na karatasi zinasema ndani kuna kinanda. Saodah akasimama mbele yao, mfupi, mnene, ushungi wa buluu umebanwa kwa pini ya kipepeo, akasema: fungua. Wakafungua. Ndani kulikuwa na kinanda. Akagonga muhuri, akasema asante, akaenda zake kula.

Mawakala wa mizigo walimwogopa kuliko walivyoogopa mvua ya bandarini. "Huyu mama akifa," mmoja wao alipata kusema, "watakaopata tabu ni malaika wa kaburini. Kabla hawajamuuliza swali la kwanza, atawaambia wafungue mifuko yao."

Ukaidi huo aliurithi kwa baba yake. Mzee Deraman alikuwa fundi wa sufuria za alumini katika karakana ya tajiri mmoja wa Kichina kule Kota Bharu. Kazi yake ilikuwa kulizungusha bamba la duara juu ya kalibu ya mbao, huku akilisukuma kwa fimbo ndefu ya chuma aliyoibana kwapani, hata bamba likalegea na kuvaa umbo la kalibu. Kwapa lake la kulia liliota sugu ngumu kama kisigino, na wanawe walikuwa wakiligusa kwa kidole na kukimbia wakicheka. Kila sufuria iliyotoka mkononi mwake aliigonga na kuisikiliza. Iliyolia vibaya aliitupa kwenye vyuma chakavu, hata tajiri akiwa anatazama. Saodah alimpelekea chakula kila mchana kwa miaka saba, akaondoka pale amejifunza kwamba kitu hakijulikani mpaka kimeshikwa.

Basi watu wakisimulia habari zake hupenda kuanzia pale alipofungua. Mimi naona waanzie siku ambayo hakufungua.

Ilikuwa mwezi ishirini na tisa Ramadhani, siku ya mwisho ya kazi kabla ya Idi. Mwenye kwao alikuwa akienda kwao, na nusu ya nchi ilikuwa barabarani tangu alfajiri. Saodah alikuwa na tiketi ya basi la saa kumi na moja na nusu jioni, kiti cha dirishani, mpaka Pasir Mas, kwao Kelantan. Idi tatu mfululizo zamu zilimkamata bandarini. Mama yake, Mek Song, mwenye miaka themanini na minne na magoti yaliyokwisha kazi, alikuwa amempigia simu usiku uliotangulia.

"Mwaka huu usipokuja kukoroga rendang ya nyama, nitakoroga mwenyewe," alisema. "Nikitumbukia kwenye karai, watu wawe na nyama ya kutosha."

"Nakuja, Mama. Tiketi ninayo mkononi."

"Mwaka juzi pia ulikuwa nayo mkononi."

Kwa hiyo asubuhi ile, mbele ya mafaili arubaini na moja, roho yake ilikuwa imekwisha kupanda basi. Ndipo alipoingia Che Nasir.

Che Nasir alikuwa wakala wa mizigo, mtu wa miaka arubaini hivi, mchangamfu, kijiji kimoja na Saodah, naye humwita Kak, yaani dada. Nyumba ya mama yake na ya Mek Song zinatenganishwa na mfereji tu. Alikuja na kopo la biskuti za nanasi za Idi, akaliweka juu ya kabati ili lisionekane kama hongo, na faili moja akaliweka juu ya meza.

"Kak Dah, usinitazame hivyo. Hili moja tu, kisha nakuacha ukamwone mama."

"Nini hii?"

"Mashine ya kutengenezea masufuria ya lemang."

Saodah akaacha kuandika. "Masufuria ya nini?"

"Ya lemang, Kak! Zile za bati. Usiniambie hujaziona."

Alikwisha kuziona, nani ambaye hakuziona mwaka ule? Mianzi imekuwa adimu, watu wa mjini wamekuwa wavivu, na kila duka lilikuwa likiuza bomba la chuma lenye mfuniko: unatia mchele wa kunata na tui la nazi, unaliweka jikoni, na lemang inaiva bila kuni wala moshi. Wazee walilalamika, vijana walinunua. Ndani ya faili kulikuwa na picha ya bomba refu linalong'aa, na kando yake kapu la lemang za mianzi.

"Dunia imekwisha," Saodah akasema, na akacheka, jambo ambalo alilifanya kazini labda mara mbili kwa mwaka. "Lemang ya kwenye bati! Marehemu baba angeona hii, angeitupa kwenye vyuma chakavu na aliyeitengeneza pia. Kontena liko wapi?"

"Yadi ya saba, mwisho kabisa, chini ya jua. Nikikupeleka huko na saumu yako nitapata dhambi mimi." Kisha akapunguza sauti. "Kompyuta ndiyo iliyolichagua likaguliwe, Kak, bahati mbaya tu. Mama anakusalimu. Anasema Idi hii lazima ule kwetu."

Saodah akatazama saa ya ukutani. Akatazama mafaili yake arubaini na moja. Tusimtetee: hakuchoka kupita siku nyingine, wala hakutishwa na mtu. Alikuwa na haraka, na aliyekuja alikuwa mtu wa kwao. Akauvuta muhuri, akaugonga chini ya karatasi. IMEFUNGULIWA NA KUKAGULIWA. Akaandika jina lake na saa, tatu na robo asubuhi, akamrudishia Che Nasir nakala yake.

Saa sita alitoka kwenda kununua lemang za safari. Kando ya barabara ya bandari palikuwa na kibanda cha Makcik Jenab, mama wa makamo mwenye mdomo mkali, ambaye kila mwaka hupanga mianzi mbele ya moto mrefu na kuigeuza tangu asubuhi mpaka magharibi. Moshi ulikuwa ukimtoa machozi.

"Mbili za kwenda Kelantan," Saodah akasema. "Zilizoiva sawasawa, mama yangu hana meno ya kuchezea."

"Zangu zote zimeiva sawasawa. Ukitaka mbovu kanunue kwa mwanangu." Makcik Jenab akaokota bomba la chuma lililotupwa kando ya kuni. "Tazama alichoniletea! Ati Mak, acha kupika kizamani. Nimepika mara moja, wali umeungua huku, huku mbichi. Na tui lote limevuja hapa. Shika uone."

Saodah akalishika. Lilikuwa jepesi, bati tu, urefu wa mkono mpaka kiwikoni. Kidole gumba chake kikapita pale palipovuja, kikakutana na tuta dogo lililokwenda tangu juu hadi chini.

"Lina mshono," akasema.

"Mshono lazima liwe nao, wameliviringisha wakalichomelea. Fundi yeyote wa mabati anakutengenezea kumi kwa saa moja, na nyundo yake na kipande cha bomba. Ndiyo hivyo, huo mshono ndio unaovuja. Nikufungie mbili au tatu?"

Saodah alikuwa ameshika lile bati kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine. Fundi yeyote, na nyundo. Sasa ile mashine aliyoipigia muhuri asubuhi, uzito wake kwenye karatasi ulikuwa tani kumi na nane.

Alilipia lemang, akasahau kuzichukua, na Makcik Jenab akamkimbilia nazo mpaka njia panda.

Ofisini alifunga mlango na kulifungua faili, sasa akilisoma. Mashine ya rola tatu, inaongozwa na kompyuta. Baba yake alisukuma bamba kwa fimbo moja na kwapa, na akalisha watoto sita. Sufuria gani inahitaji rola tatu zinazobana kutoka pande tatu kwa mpigo? Akageuza ukurasa. Bidhaa itokayo: bomba lisilo na mshono. Akageuza tena. Mnunuzi: kampuni ya vyombo vya jikoni, katika bandari huru moja ng'ambo ya bahari, pande za jangwani. Huko mianzi hakuna, wali wa kunata hakuna, na mtu ukimwambia lemang atakuuliza ni jina la ugonjwa gani. Anayetaka kuwapikia lemang watu hao ni nani?

Hapo ndipo alipoikumbuka semina.

Miaka miwili nyuma walimpeleka huko hotelini, siku tatu za viyoyozi na keki. Mwalimu alikuwa mama wa Kijapani mwenye umbo dogo, Bi. Hoshina, mhandisi aliyestaafu. Aliwaeleza kwamba mataifa kadhaa yamekubaliana orodha ya vitu visivyouzwa ovyo, ili makombora ya masafa marefu yasienee kama uyoga, na kwamba nchi nyingine, hata hii yao, zimeiingiza orodha hiyo katika sheria zao. "Lakini kombora halisafiri likiitwa kombora," alisema. "Linasafiri vipande vipande, na kila kipande kina jina la heshima. Pampu ya maziwa. Tanuri la vigae. Nyinyi hamtaliona kombora maisha yenu yote. Mtaona pampu." Kisha akapitisha kipande cha bomba la chuma, kila mtu akishike. "Tafuteni mshono." Wakatafuta, hawakuuona. Akawaambia mafuta ya kombora huwaka ndani ya bomba kama hilo, na kwamba chuma kikiwa na mshono, hapo hapo ndipo kitakapopasuka. Kwa hiyo anayetaka kombora hutafuta kwanza mashine ya kufinyanga bomba lisilo na mshono.

Saodah alikuwa amelishika bomba lile kwa mkono wake. Siku ile aliona fahari, akajisemea: baba angelipenda hili. Kijitabu cha semina alikirudisha ofisini, akawa anawekea kikombe cha chai.

Akampigia simu Che Nasir.

"Kontena la lemang liko wapi?"

"Lipo gatini, Kak, linapandishwa saa kumi. Meli inaondoka saa kumi na mbili. Kwani vipi?"

"Lirudishe. Nataka kulifungua."

Sauti ikarudi, na uchangamfu wake umebaki nusu. "Kak Dah. Umeshaandika kwamba umelifungua."

"Najua nilichoandika."

"Basi ukilifungua sasa, asubuhi ulifungua nini?" Akashusha pumzi. "Sikiliza, Kak. Mimi mzigo huu nimeletewa na karatasi zake, nimezibeba, basi. Ni sufuria. Ukianza kuvuruga, watauliza, na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Miaka mitatu umebakiza ustaafu. Hakuna mtu anayejua isipokuwa mimi na wewe, na mimi ni kaburi. Panda basi lako."

"Nasir, uliliona kwa macho yako?"

"Wakala haoni mizigo. Wakala anaona karatasi."

"Na mimi leo nilikuwa wakala," Saodah akasema, na akakata simu.

Ilikuwa saa nane na nusu. Alikaa kidogo, akitazama begi lake la safari chini ya meza na vichwa vya lemang vikichungulia kwenye zipu. Aliogopa, na alijua anachokiogopa. Cheti cha uongo kwa afisa wa forodha si kosa la kuonywa, ni la kufukuzwa. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kamati iliyomfukuza kijana mmoja kwa kosa hilo hilo, na alipiga kura bila kupepesa macho. Jina la Dada Fungua, walilompa kwa kejeli, ndilo hasa alilokuwa nalo duniani. Hakuwa na mume, hakuwa na watoto. Alikuwa na jina hilo na mama.

Akainuka, akaenda kwa msimamizi wa zamu.

Tuan Bala, yaani Bwana Thanabalan, alikuwa Mhindu mrefu mwenye mvi, na kila Idi yeye ndiye aliyeshika zamu ili Waislamu waende makwao, kama wao walivyomshikia zamu kila sikukuu yake ya taa. Alikuwa akimenya chungwa. Alipomwona Saodah, akalificha kwenye droo kwa adabu ya saumu yake.

"Kak Dah! Bado upo? Basi litakuacha."

Saodah akamweleza yote kuhusu mashine: rola tatu, tani kumi na nane, bomba lisilo na mshono, jangwa. Tuan Bala akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kukaa wima.

"Kontena limeshaidhinishwa," akasema. "Siwezi kulizuia mimi. Amri lazima itoke makao makuu."

"Piga simu."

Akapiga. Simu ikalia, ikalia. Akapiga namba nyingine, ikalia pia. Makao makuu walikuwa barabarani na watoto na mabegi, kama nchi nzima. Aliyeipanga meli ile kwa siku ile hakuwa mjinga.

"Kesho..." Tuan Bala akaanza.

"Kesho liko katikati ya bahari, na ng'ambo watalibadilishia meli na jina. Njia nyingine ipo, Tuan. Kifungu cha kumi na nne. Afisa mkaguzi akifuta ukaguzi wake mwenyewe, mzigo unarudi papo hapo, hauombi ruhusa ya mtu."

"Kifungu hicho ni kwa ukaguzi ambao haukufanyika, Kak. Wewe ulifungua. Hapa umeandika saa tatu na robo." Akamtazama usoni, na Saodah hakukwepesha macho. "Kak Dah. Ulifungua?"

"Sikufungua."

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao. Tuan Bala akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sikusikia," akasema taratibu. "Nenda kapande basi. Mimi nitaendelea kupiga simu makao makuu, labda mtu atapokea."

"Umesikia vizuri. Nipe fomu."

"Nikikupa fomu hiyo na ukaandika hivyo, siwezi kukuokoa. Si mimi wala yeyote. Na ukifungua ukakuta ni sufuria kweli? Utakuwa umejichinja bure."

"Nipe fomu, Bala," Saodah akasema, na katika miaka kumi na moja hakuwahi kumwita jina bila Tuan.

Aliandika sentensi mbili. Mimi niliyetia saini hapo chini sikulifungua kontena hili. Niliandika uongo kwa sababu nilikuwa na haraka. Tuan Bala alizisoma, akamwambia ile ya pili haitakiwi na fomu. Saodah akamwambia aiache.

Walipofika gatini kontena lilikuwa limekwisha kuning'inia. Kreni ilikuwa ikilivuta juu, na mwendesha kreni alikuwa na vidude masikioni. Saodah akakimbia, mtu wa miaka hamsini na saba, na saumu, na jua la saa kumi, akipunga karatasi nyeupe hewani hata kiatu kimoja kikamtoka. Lilipita juu ya kichwa chake kuelekea melini. Nahodha msaidizi akapiga kelele kutoka juu ya meli, vibarua wakapiga kelele kutoka chini, na kwa muda mtu hakujua anayepaza sauti ni nani. Kisha mnyororo ukasimama. Kontena likayumba juu ya maji, likayumba tena, likaanza kurudi.

Che Nasir alikuwa ameshafika, jasho linamchuruzika. Vibarua wanne wakaleta mkasi wa chuma, wakakata lakiri. Milango ikafunguka.

Ndani, kutoka sakafuni mpaka darini, zilikuwa sufuria za lemang.

Mamia, zimepangwa safu kwa safu, zinang'aa. Kibarua mmoja akaanza kucheka, wengine wakamfuata. Che Nasir akaegemea mlango kama mtu aliyeteremshwa kwenye kitanzi.

"Umeona, Kak? Umeona? Lemang!" Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Nilikwambia!"

Tuan Bala hakucheka. Alikuwa akiitazama ile karatasi mkononi mwake, yenye sentensi mbili, ambayo sasa haiwezi kurudi ilikotoka.

Saodah akatamani ardhi ipasuke. Aliwaza basi, aliwaza mama yake na karai la rendang, aliwaza yule kijana waliyemfukuza. Kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa haina pa kwenda, akachomoa sufuria moja kwenye safu. Kidole gumba kikapita ubavuni. Tuta dogo, tangu juu hadi chini.

"Hii ina mshono," akasema.

"Si zote ndivyo zilivyo?" kibarua akauliza.

"Ndiyo. Lakini karatasi inasema mashine inatoa zisizo na mshono. Basi hizi hazikutoka kwenye mashine hiyo. Na mashine yenyewe iko wapi?" Akaiweka chini. "Toeni zote."

"Kak, hawa watu wamefunga, ni saa kumi na moja..."

"Toeni zote. Mimi pia nimefunga."

Walitoa safu nne. Nyuma ya safu ya nne palikuwa na ukuta wa mbao, umepigiliwa misumari na kupakwa rangi ya kontena lenyewe. Vicheko vikakatika. Wakaung'oa. Nyuma yake ilikuwapo mashine, imevalishwa nailoni na mafuta ya grisi: rola tatu zilizotazamana, kila moja nene kama kiuno cha mtu, na kando yake, imelazwa juu ya vitanda vya mbao, kalibu. Saodah akapanda ndani. Aliwahi kushika kalibu nyingi utotoni, za sufuria za chai na za sufuria za harusi. Akainama juu ya hii, akaikumbatia, na vidole vya mkono mmoja havikufika kwenye vya mkono mwingine. Urefu ulimzidi yeye.

"Nasir," akaita kutoka ndani. "Njoo uone sufuria yako. Lemang ya kulisha jimbo zima hii."

Che Nasir hakuja. Alikuwa amekaa chini, juu ya saruji, katikati ya masufuria ya bati. "Wallahi sikujua," akawa anasema. "Kak Dah, wallahi sikujua." Naye Saodah alimwamini, kwa maana yeye pia asubuhi hakujua, na kwa sababu ile ile.

Kwenye sanduku la vifaa walikuta kipande cha majaribio, bomba la urefu wa shubiri mbili. Saodah akakipitisha kidole gumba, akakizungusha, akakipitisha tena. Kilikuwa laini pande zote. Akampa Tuan Bala. "Tafuta mshono," akasema.

Saa kumi na moja na nusu ilipita, na hakuna aliyeitaja. Saa kumi na mbili meli iliondoka bila lile kontena. Adhana ilipolia walikuwa bado wanaorodhesha, na Saodah akatoa lemang za safari kwenye begi, akazipasua kwa kisu cha kibarua, wakafuturu wote pale chini, Che Nasir naye, na Tuan Bala ambaye hakuwa amefunga.

Alimpigia simu mama yake. "Basi limeniacha, Mama."

"Zamu tena?"

"Hapana. Nilisema uongo kazini, ikabidi nibaki niutoe."

"Umeutoa?"

"Nimeutoa."

"Basi njoo na basi la kesho. Nyama itakusubiri, haina miguu."

Waliofuata walikuwa wengi: wapelelezi, watu wa wizara, wageni watatu waliotembea kuizunguka mashine kwa saa mbili. Kampuni ya vyombo vya jikoni haikupatikana. Anwani yake ilikuwa duka la kukata nywele. Che Nasir alihojiwa mwezi mzima, akaachiwa, leseni yake ikachukuliwa. Na Wan Saodah aliitwa mbele ya kamati, chumba kile kile, meza ile ile. Walimsomea: afisa alithibitisha ukaguzi ambao haukufanyika. Wakamuuliza ana utetezi gani, na mwenyekiti karibu amwombe aseme chochote. Alisema hana, waandike kama ilivyo. Muhuri wake ulikatwa vipande viwili mbele yake. Akarudi Pasir Mas miaka mitatu kabla ya wakati wake.

Idi ya mwaka uliofuata alikoroga rendang mwenyewe. Wageni walijaa, isipokuwa kutoka nyumba ya ng'ambo ya mfereji. Asubuhi Saodah alikuwa amekwenda huko kuomba radhi kama desturi ya siku ile, na mama yake Nasir alimpa mkono bila kumkaribisha ndani. Alasiri Tuan Bala akaja na mkewe, saa nane za barabara, na kopo la biskuti.

"Kak Dah, umekuwa mtu mashuhuri," akasema alipokwisha shiba. "Nilikuwa kwenye semina ya yule mama Mjapani mwezi uliopita. Anapitisha sufuria ya lemang darasani siku hizi! Kisha anapitisha bomba. Anawasimulia vijana kuhusu afisa mmoja, hana jina, ambaye hakuwahi maishani mwake kupitisha mzigo bila kuufungua, na ndiyo maana akaukamata ule. Vijana wanaandika kila neno. Nilitaka kusimama niseme, namjua!"

Saodah alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini.

"Nani amemwambia hivyo?"

"Ndivyo ripoti inavyosema. Tuliona... bora iwe safi. Kwa ajili yako."

"Una namba yake ya simu?"

"Ninayo, lakini Kak, ya nini tena? Ni habari nzuri."

"Ni habari yenye mshono, Bala, na nyinyi mmeupaka rangi." Akajifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akaketi mbele yake, akanyoosha kiganja apewe simu. "Wale vijana kila mmoja ana basi la kupanda siku moja. Wakiambiwa yule mama hakuwahi kukosea, watajiona si kama yeye, na watagonga muhuri. Mpigie. Nitamwambia mwenyewe kwamba saa tatu na robo sikufungua."

Tuan Bala akamtazama, akaitafuta namba, akampa simu. Ilianza kuita.